Mama hataki kula, daktari ametaja matibabu ya umeme. Nani amepitia haya Nairobi?

BintiWaUmoja
Jumatatu, saa tatu usiku

Habari zenu wote. Naandika nikiwa kwenye korido ya wodi na simu inakaribia kuzima, kwa hivyo nitasema moja kwa moja.

Mama yangu ana miaka 61. Alikuwa akiuza mboga soko la Mutindwa, mtu wa kuamka saa tisa usiku kwenda Marikiti. Tangu Agosti mwaka jana amekuwa akizama tu kwenye unyogovu. Alianza kwa kuacha Marikiti, akaacha chama cha akiba, akaacha kuoga. Amepewa dawa mbili tofauti, ya kwanza miezi mitatu, ya pili karibu minne, na nilikuwa nasimama mbele yake mpaka ameze. Sasa siku tisa hajala kitu cha maana. Ukimpa uji anakunywa vijiko viwili, anageukia ukuta. Anasema matumbo yake yameoza, eti chakula kitaharibikia ndani.

Leo daktari wa akili ametuita mimi na mjomba. Amesema hii si hali ya kujaribu dawa ya tatu na kungoja, anataka mama apewe matibabu ya umeme, ECT. Mjomba alisimama hapo hapo akasema dada yake hatapigwa stima akiwa hai. Anamkumbuka jirani wao wa zamani aliyefungwa kitandani na kurudi nyumbani haongei. Binamu yangu naye amenitumia video ya mashine ya sumaku, TMS, mgonjwa ameketi tu kwenye kiti macho wazi. Anasema tuitishe hiyo badala ya umeme.

Nani amepitia lolote kati ya haya mawili? Sumaku inaweza kuchukua nafasi ya umeme? Na niulize nini kabla ya fomu kusainiwa? Daktari anatungoja keshokutwa.

Mtumishi_K
Jumatatu, saa tatu na nusu usiku

Pole dada. Kichwa cha mtu ni hekalu, usikubali kiguswe na mitambo. Mtoe hospitali mfanye mfungo na maombi siku saba kwanza.

FundiWaKariokor
Jumatatu, saa sita kasoro usiku

Dada, pole sana. Mtu wa sumaku unayemtafuta ni mimi, lakini nisome mpaka mwisho, kwa sababu jibu langu si lile binamu yako anatarajia.

Nashona sare za shule Kariokor, huu ni mwaka wa kumi na nane. Fundi wa sare anaishi kwa Januari. Januari ya 2023 nilikuwa na oda ya watoto arobaini, kaptura na sketi, vitambaa vimekatwa tayari na kufungwa kwa kamba chini ya meza. Nilikuwa nafika, nafungua kufuli, naketi, naweka mguu kwenye kanyagio, na mguu haukanyagi. Huzuni naijua, nimezika baba na kaka. Hii haikuwa huzuni. Ni kama mkanda wa cherehani umekatika, unaliona gurudumu na unaiona sindano na hakuna kinachoviunganisha. Wazazi walianza kuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiwapa na kuwaomba msamaha. Mimi nilikuwa nimelala kwenye marobota, nasikia kila neno.

Dawa ya kwanza haikushika. Ya pili ilinitoa kitandani ikaniachia hapo mlangoni. Daktari akataja sumaku, nami nikakataa, kwa sababu hiyohiyo ya mjomba wako. Nilisikia "mashine ya kichwa" nikaona stima, nikaona watu wameshikilia mtu. Hofu hiyo ilinila miezi minane, na hiyo miezi siwezi kurudishiwa na mtu. Mwishowe mke wangu aliuza mashine yetu ya ovaloki, chama chake kikachanga, akaniambia niende hata kama siamini.

Siku ya kwanza hakuna tiba, ni maswali na vipimo. Mtaalamu aliniuliza kama nimewahi kuanguka kifafa. Akauliza kama nina chuma chochote kichwani: klipu ya mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, kipande cha risasi. Na kifuani, kifaa cha moyo. Nikajibu hapana kwa yote. Kisha akanyoosha mkono taratibu akaanza kuchomoa pini kwenye ukosi wa shati langu. Zilikuwa saba. Nilikuwa sijashona miezi na bado kila asubuhi nilikuwa navaa pini. Aliziweka kwenye kikombe cha karatasi akanionyesha mahali alipokiweka, nisije nikazisahau.

Ile koili ina umbo la nambari nane, ukubwa wa viganja viwili hivi. Aliiweka juu ya kichwa upande wa kushoto, akabonyeza, ikalia ta! Akaisogeza kidogo, akabonyeza tena. Mara ya tano au ya sita kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kikaruka. Dada, sikukirusha mimi. Nilikiangalia kikitulia pale pajani kama si changu. Akasema ndiyo hiyo, nguvu iliyorusha kidole ndiyo kipimo cha nguvu ya kutumia kwako, kila mtu ana yake.

Nilimuuliza inafanyaje kazi bila waya kuingia. Akanieleza kwa cherehani ya mota. Umeme wa ghafla ukipita kwenye koili unazaa sumaku, ile sumaku inapenya ngozi na fuvu bila kuchoma, na ikifika ndani inazaa tena umeme mdogo kwenye seli za ubongo. Ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ileile iliyotupa jenereta. Mashine yenyewe ya kusisimua ubongo kwa sumaku ilitengenezwa na Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani wakaruhusu itibu unyogovu mwaka 2008. Mimi mwaka 1985 nilikuwa shule ya nasari. Kilichonitisha kama kitu cha juzi kilikuwa na umri wangu.

Baada ya kipimo koili husogezwa mbele, juu ya paji la uso kushoto, sehemu ya ubongo ambayo kwa wengi wetu wagonjwa huwa imelegea kazi. Unavaa viziba masikio, maana inagonga kama kigong'ota juu ya mti mkavu. Inagonga mara kumi kwa sekunde, kwa sekunde nne, halafu inanyamaza sekunde ishirini na sita. Tena nne, tena ishirini na sita. Dakika thelathini na saba na nusu, mapigo 3,000. Wiki ya kwanza nyusi ya kushoto ilikuwa inachezacheza na jioni kichwa kinauma, nikawa namumunya panadol. Kifafa kinaweza kutokea pia, lakini ni nadra sana, chini ya mtu mmoja kwa elfu. Siku tano kwa wiki, wiki sita. Kuna mtindo wa dakika tatu pia, utafiti wa Kanada uliochapishwa 2018 ulionyesha haupungukiwi na ule mrefu, ila kliniki niliyokwenda walikuwa na huo mrefu.

Wiki mbili hakuna kitu. Nilikuwa napanda kilima kwa miguu kutoka Haile Selassie mpaka Upper Hill nikijiambia tumeuza ovaloki yetu bure. Siku ya kikao cha kumi na saba, kwenye matatu ya kurudi, alipanda mama mmoja akasimama mbele yangu. Pindo la sketi yake lilikuwa limepinda upande wa nyuma, fundi alivuta kitambaa. Nikaliangalia kutoka Railways mpaka Muthurwa. Nilitamani kulifumua na kulishona upya. Niliposhuka ndipo nikatambua nimetamani kitu. Nilisimama pale stendi watu wananipiga vikumbo, sikujali.

Haikuniponya kama kuzima na kuwasha taa. Bado nameza dawa, na mwaka uliopita nilirudi kwa vikao vichache nilipoanza kuteleza. Kijana mmoja tuliyekuwa tunaketi naye kwenye benchi alimaliza vikao vyote thelathini na hakupata nafuu. Namkumbuka sana huyo kijana kila ninaposikia watu wanaisifu hii mashine bila breki.

Sasa kuhusu mama. Mimi nilikuwa nakula. Vibaya, lakini nilikuwa nakula, na ningeweza kungoja wiki tatu. Mama yako ana siku tisa. Hii mashine inahitaji mtu anayeweza kuja kila siku, kuketi, na kuwa na muda. Binamu yako ana nia njema, ila ukiniuliza mimi niliyepona kwa sumaku, mama huyo simpeleki kwenye sumaku. Nendeni na daktari.

Mtumishi, kwa heshima yako, mke wangu aliomba kila siku na naamini maombi yake ndiyo yaliyonifikisha kwenye kile kiti. Mama wa siku tisa bila chakula usimfungishe siku saba nyingine. Tafadhali.

SistaMstaafu
Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi

Mwanangu, nimesoma kabla hata ya kunywa chai. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na kumi na minne ya hiyo kwenye wodi za akili hapa Nairobi. Nimeshika mikono ya wagonjwa wengi ndani ya chumba cha ECT. Fundi amesema kweli.

Mjomba wako usimdharau. Alichokiona ujanani kilikuwepo. Haya matibabu yalianzia Roma mwaka 1938, kwa Ugo Cerletti na Lucio Bini, na kwa miaka mingi yalitolewa mtu akiwa macho, bila dawa ya kulegeza misuli, mpaka mifupa ikavunjika. Nasi hapa, hospitali ya Mathari ilianza 1910, enzi za mkoloni, ikiitwa nyumba ya wendawazimu, na jina la namna hiyo halifutiki mdomoni mwa watu kwa urahisi. Mpaka leo mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mathari. Kwa hivyo anaposema stima anasema historia. Mwambie unamwelewa, halafu umweleze kinachofanyika sasa.

Mama hatakula wala kunywa tangu usiku wa manane. Asubuhi anatolewa meno ya bandia kama anayo, anawekewa sindano ya mshipani, anapimwa presha na moyo. Daktari wa nusukaputi anampa dawa ya usingizi. Akishalala, tunafunga mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu mmoja na kuujaza, ndipo anapewa dawa ya kulegeza misuli. Ule mkanda unazuia dawa isifike kwenye wayo huo. Anawekewa kizibo laini cha kukinga meno na ulimi, anapewa oksijeni. Umeme unapita sekunde chache. Tunachotaka si umeme wenyewe, ni kifafa kidogo unachokianzisha ndani ya ubongo, na mwili mzima umelala kimya isipokuwa vidole vya ule mguu mmoja, vinachezacheza. Sisi tunaangalia vidole na saa. Mara nyingi haifiki dakika moja. Mara ya kwanza nilipoona, nilikuwa nimejikaza kwa jambo kubwa, na jambo lenyewe likawa vidole vitano vya mguu wa mzee mmoja.

Anaamka baada ya muda mfupi, amechanganyikiwa kidogo, kichwa kinauma, anaweza kutapika. Kaa naye umwambie jina lako na siku gani. Hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki, jumla kati ya sita na kumi na mbili.

Hili la matumbo kuoza, mwanangu, umemweleza daktari kwa maneno hayohayo? Mweleze. Unyogovu ukifika mahali pa kumfanya mtu aamini mwili wake umekufa au umeoza, vidonge vya kawaida peke yake huwa dhaifu, na ndio hao ambao nimewaona wakiitikia ECT kuliko wote. Mtu asiyekula akianza kula baada ya kikao cha tatu, cha nne, nimeona si mara moja wala mbili.

Ya kuuliza: daktari wa nusukaputi atakuwepo chumbani kila kikao? Dawa ya kulegeza misuli ipo? Kama jibu ni hapana, usikubali hata wakikuharakisha. Shirika la Afya Duniani linapinga ECT bila dawa hizo mbili. Uliza pia atapewa dawa gani kozi ikiisha, maana bila matibabu ya kuendelea wengi hurudiwa ndani ya miezi sita, na hapo ndipo familia nyingi hujisahau. Uliza bei ya kozi nzima, usikubali kutajiwa ya kikao kimoja, na uliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani. Na mama mwenyewe aelezwe na aulizwe. Hata akiwa amegeukia ukuta, anasikia.

BintiWaUmoja
Jumanne, saa nane mchana

Asanteni sana. Nimemsomea mjomba maneno ya Sista kwa sauti, nikayarudia yale ya vidole vya mguu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hivyo analala?" Nikamwambia analala. Hajasema ndiyo lakini hajasema hapana.

Kumbukumbu je? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Mama anajua bei ya kila kitu alichouza tangu nikiwa darasa la pili. Anajua nani anamdai na nani anadaiwa naye. Nisije nikampata akila lakini hanijui.

Kijana254_Kangemi
Jumanne, saa kumi na moja jioni

Baba yangu alipewa tisa, 2021. Nitakwambia bila kuficha. Wakati wa matibabu alikuwa anauliza kitu kimoja mara nne. Ile miezi ya hospitali hana kabisa, na wiki kadhaa za kabla ya hapo zimebaki vipandevipande. Kuna harusi ya dada yangu mdogo, mwezi mmoja kabla ya kulazwa. Alikuwepo, amevaa suti, yuko kwenye picha zote. Hakumbuki. Picha tumemwekea sebuleni na huwa anaziangalia.

Mimi, dada zangu, shamba la Vihiga, madeni, nyimbo za kanisani, vyote vipo. Ndani ya miezi kama miwili alikuwa sawa, isipokuwa hayo mapengo. Aliwahi kuniambia kwamba harusi inamuuma, lakini harusi yenyewe aliihudhuria akiwa anapanga namna ya kufa. Sikuwa najua hilo mpaka aliponiambia.

Anzisha daftari leo. Mwambie mama akutajie vitu, wateja, bei, chochote, hata kama anajibu neno mojamoja. Baba yangu alilitumia sana la kwake.

Mtumishi_K
Jumanne, saa mbili usiku

Fundi, nimekusikia. Dada, naomba jina la kwanza la mama nimwombee siku ya matibabu. Nimekosea kukuambia umtoe.

BintiWaUmoja
Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nne usiku

Narudi kama nilivyowaahidi wachache walioniandikia pembeni.

Daktari wa nusukaputi alikuwepo vikao vyote vitatu. Nilimuuliza kuhusu mkanda wa kifundo cha mguu akanitazama kwa mshangao, akauliza kama mimi ni muuguzi. Mjomba ndiye aliyetusindikiza cha kwanza. Alikaa nje ya mlango na kofia mikononi, na mama alipotolewa akiwa usingizini aliinama akasikiliza pumzi yake, kisha akaenda kununua maziwa.

Mama mwenyewe alielezwa. Daktari aliketi upande wa ukuta ili amwone uso. Alimwambia kila kitu, akamuuliza kama anakubali. Mama akasema, "Fanyeni," hilo tu, na akaweka kidole gumba kwenye wino.

Baada ya cha kwanza hakuna kilichobadilika, kichwa kilimuuma tu. Baada ya cha pili alikuwa amechanganyikiwa, aliniita kwa jina la marehemu dada yake mchana kutwa, nikaenda kulia chooni. Kijana wa Kangemi, maneno yako ndiyo yaliyonirudisha kitandani kwake.

Cha tatu kilikuwa jana. Leo saa saba nilimletea ugali kidogo na sukuma wiki, nikijua nitairudisha. Aliisukuma ile sukuma kwa kijiko, akashika jani moja kwa vidole, akaliangalia dhidi ya dirisha. Akasema, "Hii ya jana. Umenunua kwa nani?" Nikamwambia kwa mama wa kona. Akasema huyo huinyunyizia maji tu, nisimlipe zaidi ya kumi. Kisha akala nusu ya ugali, polepole sana, na sukuma akaiacha yote kwa sababu ni ya jana.

Nimeiandika kwenye daftari, na bei.

Cha nne ni Alhamisi. Hatakunywa hata maji kuanzia usiku wa manane, na mjomba amesema atanipitia na teksi ya rafiki yake saa kumi na moja alfajiri ili tusikutane na msongamano wa Jogoo Road.